Kaptula ya Marehemu Kasanda

Ipole, Ijumaa jioni, kipupwe

Shajara yangu, leo kumekucha na baridi ile ya kuwafanya watoto waje shule wamejifunga mashuka ya mama zao hadi masikioni. Upepo umevuma kutwa nzima na vumbi limeingia mpaka ndani ya mtungi wa maji. Siku za namna hii kwa kawaida naamka na kisirani, na darasa la tatu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Leo sina kisirani. Nimekaa nje nyuma ya nyumba, jua bado linatosha kuandikia, na kila nikishaandika kidogo najikuta nacheka peke yangu. Mtu akipita atadhani mwalimu amepata mchumba.

Hakuna mchumba. Kulikuwa na baraza, baraza limekwisha, na Nyanzala haendi popote.

Hebu niandike kwa utaratibu, maana furaha inanifanya niruke mambo.

Nyanzala ndiye mwenye nyumba ninayoishi. Nilipohamishiwa huku kufundisha, nikitokea kwetu Kipalapala ambako baba yangu analima jirani na seminari, nyumba ya mwalimu ilikuwa imeliwa na mchwa. Nyanzala akanipa chumba. Mumewe, Kasanda, alikuwa mrina asali anayejulikana pori lote hili. Mwaka jana alishikwa na homa akafariki, akamwachia mkewe mabinti wawili, kishamba cha tumbaku, na mizinga iliyotundikwa juu ya miti kuanzia karibu na hapa hadi huko ambako mimi sijawahi kufika. Binti mkubwa, Kabula, yuko darasani kwangu. Ni mtoto wa kuuliza maswali mpaka unatamani kengele ilie.

Huku asali ni kazi ya wanaume. Wanawake wanaipokea, wanaichuja, wanachemsha nta, wanabeba mizigo. Lakini kuchonga mzinga, kuutundika na kupanda kuurina ni mambo ya wanaume. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali, kwa sababu hakuna mwanamke aliyewahi kujaribu.

Nyanzala alijaribu.

Msimu ulifika, mizinga ikajaa, na hapakuwa na wa kuipanda. Miaka yote alikuwa akimfuata mumewe kambini porini kuwapikia warinaji, na macho yake hayakuwa kwenye chungu tu. Basi alfajiri moja akavaa kaptula ya kaki ya marehemu, akajifunga kamba ya magome kiunoni, akawasha kienge cha majani cha kufukuzia nyuki kwa moshi, akapanda mninga. Wakata miti wakamwona. Kufika jioni habari ilikuwa imeenea kila jiko.

Na hakuna aliyezungumzia asali. Wote walizungumzia kaptula.

Hapo ndipo Maganga alipolipeleka shauri kwa mwanangwa wetu, kiongozi wa kijiji. Maganga ni mdogo wake Kasanda. Kwa desturi angeweza kumrithi mjane. Nyanzala alikataa kwa heshima, naye akakubali kwa heshima, kwa hiyo sitaki kumwandika hapa kama mtu mbaya. Lakini vilabuni watani wake walikuwa wamemkalia kooni. Walimwuliza kama na yeye sasa atafunga kaniki. Walimwuliza kama huko kwao wanaume wamekwisha. Akaona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta pa kuitua.

Mwanangwa naye akalipeleka kwa Mtemi, na kufika huko shauri likawa limeshapata jina: habari ya wanawake kuvaa nguo za kiume na kupanda miti. Karani wa Mtemi akasema likipita litakuwa sheria ndogo ya nchi nzima ya Mtemi, na Bwana Shauri, afisa wa serikali, atalipeleka bomani Tabora kutiwa sahihi. Mwanamke asipande mti wa mzinga. Basi. Mizinga yote ya Kasanda ingekwenda kwa Maganga, na Nyanzala asingekuwa na cha kubaki nacho hapa isipokuwa kile kishamba. Angerudi kwa ndugu zake Nzega. Huko Kabula asingeona tena mlango wa darasa, kwa sababu bibi yake ameshamtafutia mume, mtu mwenye ng'ombe na meno machache.

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mezani, Shajara. Nyumba ya Nyanzala na masomo ya Kabula. Lakini ukipita kijijini ukasikiliza, ungedhani nchi nzima imesimama juu ya kipande cha kaki.

Watu waligawanyika mno. Mzee wa kanisa la Moraviani alisimama Jumapili akasema kuna andiko juu ya mavazi, na mimi Mkatoliki niliambiwa hivyo na watu waliohakikisha nimesikia. Wengine wakasema mwanamke akipanda mti mvua itakata. Upande wa pili kulikuwa na sisi: mimi, Mwalimu Petro, na yule mganga msaidizi wa zahanati. Sisi tulisema usawa. Tulisema haki. Tulisema dunia inabadilika, na tulilisema hilo kwa sauti ya watu waliosoma Tabora mjini na wanaotaka ijulikane.

Nilikuwa nimeitunga hotuba yangu kichwani. Nilikuwa nikiisema nikiosha vyombo. Ilikuwa hotuba nzuri, nasema kweli, na kila nilipoirudia nilijiona mrefu zaidi.

Jumanne nikaijaribu kisimani.

Nikawauliza wanawake wenzangu: je, mwanamke hana haki ya kuvaa kaptula na kupanda mti sawasawa na mwanaume? Mama Shija, ambaye ulimi wake unaogopwa hadi kijiji cha pili, akatua ndoo yake.

"Mwalimu," akasema, "wewe kwanza tafuta mwanaume, ndipo umvue hiyo kaptula."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Kisha wakasema, mmoja baada ya mwingine, kwamba Nyanzala ameanza vizuri lakini amepotea, kwamba wao hawataki kuwa wanaume, kwamba wanaume wenyewe wamewashinda kuwatunza, watajitwisha na uanaume tena? Nilirudi nyumbani nimefura. Niliwaita majina kimoyomoyo ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikamwambia Nyanzala, "Dada, hata wanawake wenzako wamekukataa."

Alikuwa anachuja asali. Hakuinua kichwa.

"Umewauliza nini?"

Nikamwambia.

"Hata mimi ningekataa," akasema. "Mimi nilipanda kwa sababu mizinga imejaa. Kaptula nilivaa kwa sababu khanga inanasa kwenye matawi. Ulitaka nipande na khanga nidondoke?"

Niliingia chumbani nikakaa kitandani nikaona haya, na nilikasirika vilevile, kwa sababu hotuba ilikuwa yangu na nilikuwa nimeipenda. Ilinichoma kugundua kwamba katika hotuba ile yote, tangu mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Jumatano alasiri Maganga akaja. Nyanzala alikuwa shambani, nikamkaribisha mimi.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba, Mwalimu."

Akakaa kwenye kigoda, akasema baridi ya mwaka huu ni kali. Nilijua amekuja kuniambia nisijitie katika mambo ya ukoo wao, na kweli akaniambia, kwa upole ambao ulinifanya nishindwe kumjibu nilivyotaka. Akasema yeye hana ubaya na shemeji yake. Atampelekea asali kila msimu. Hataki tu kuchekwa.

Nikamwuliza, bila hila yoyote, kwa kutaka kujua tu, kazi ataianzia wapi. Mizinga ni mingi na imetawanyika.

"Nitaanza na ile ya upande wa mtoni," akasema. "Nitaishusha, nikate alama ..."

Akaishia hapo.

Inabidi nieleze habari ya alama. Kila mrina asali wa huku ana alama yake, anaikata kwa shoka ubavuni mwa mzinga kabla ya kuutundika. Ya Kasanda ni mikwaju miwili ya kuinama na mmoja unaoikata katikati. Mzinga unaweza kukaa porini miaka peke yake na hakuna atakayeugusa, kwa sababu ya alama. Kurina mzinga wenye alama ya mwenzako ni wizi, hata kama ni wa ndugu yako wa tumbo moja, na watu wameshahama vijiji kwa kosa hilo. Kwa hiyo mwenye kuuchukua mzinga lazima aifute alama ya zamani na kukata yake. Na alama ya mtu haifutwi ila nyumba yake ikiwa imekwisha, hakuna aliyebaki.

Nikamwona Maganga anatazama mikono yake.

"Alama ya kaka yako utaifuta?" nikauliza.

"Hilo hawakuniuliza," akasema. "Kote nilikopita hakuna aliyeniuliza hilo. Waliniuliza habari ya kaptula tu."

Akaondoka bila kuaga vizuri, na kwa mtu wa adabu kama yeye hiyo ilikuwa kelele kubwa.

Mimi nilibaki nimesimama uani. Nilihisi kitu kimefunguka kichwani na sikutaka kupumua kwa nguvu nisije nikakifunga. Jana asubuhi nikaenda tena kisimani. Wanawake walewale. Mama Shija yuleyule, na nadhani hata ndoo ilikuwa ileile.

Nikauliza: Kasanda alipofariki, nyumba yake ilikufa?

"Itakufaje na watoto wapo?" wakasema.

Na mizinga yenye alama yake, nani aitunze mpaka hao watoto wakue?

"Si mama yao!" akasema Mama Shija, kama ananishangaa kwa ujinga. "Nani mwingine?"

Hata ikibidi apande?

Hapo akanitazama kwa jicho la pembeni, maana si mjinga, aliona ninakompeleka. Akafikiri. Akajitwisha ndoo yake.

"Apande," akasema. "Sasa afanyeje?"

Na wenzake wakaitikia, ndiyo, afanyeje.

Nitaandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Sikufurahi tu. Niliogopa. Siku mbili tu zilikuwa zimepita na watu walewale walikuwa wametoka hapana hadi ndiyo, na kitu pekee kilichobadilika ni mdomo wangu. Nikajiuliza nimewashawishi au nimewazunguka. Halafu nikakumbuka kwamba aliyelipa shauri jina la nguo za kiume naye alikuwa amewazunguka, tena kabla yangu, na kwamba hata sisi watu wa usawa tulikuwa tumeliokota lile jina lake, tukalipigania, tukalikuza. Yeye alisema kaptula ni haramu na sisi tukasema kaptula ni haki, na wote tulikuwa tumesimama palepale alipotuweka. Nyanzala alikuwa kwingine kabisa, juu ya mti, anafanya kazi.

Karani nilipomwomba abadili maneno ya shauri liulize habari ya alama, alicheka. Akasema shauri hubadilishwa na aliyelileta.

Kwa hiyo jana jioni nikamfuata Maganga kwenye bani lake, akichochea moto wa kukausha tumbaku. Macho yalikuwa yakiniwasha kwa moshi, nikaona afadhali, nisionekane ninavyobembeleza. Nikamwomba jambo moja tu. Asimtetee shemeji yake, asiseme lolote juu ya wanawake. Akifika barazani aulize lile swali la alama, basi. Alisukuma gogo motoni kwa mguu, akaniambia niangalie njiani kuna mashimo.

Leo nimefundisha vipindi viwili na sijui nilichofundisha. Kisha tukaenda.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Wanaume kwenye mabenchi na vigoda, wanawake chini kwenye mikeka upande wa kushoto, Nyanzala katikati yao amefunga khanga mbili na kitambaa cha kichwa, amejistiri kama bibi harusi. Kabula alikuwa ameegemea bega la mama yake. Mtemi akaketi, karani akalisoma shauri kwa jina lake lilelile, na moto ukawaka.

Sitaandika yote. Mzee mmoja alisema akiona mwanamke amevaa kaptula yake atahama nchi. Mwingine akasema basi atangulie. Mzee wa kanisa akatoa andiko. Mganga msaidizi akasema andiko hilo halihusu kaki. Halafu akasimama Mwalimu Petro, suruali imepigwa pasi ya makaa mpaka ina makali, akaisema hotuba. Hotuba yangu, Shajara! Si kwamba aliniibia. Tumekunywa chai pamoja mara nyingi na mawazo yetu yamechanganyika. Haki, usawa, dunia inabadilika. Aliisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi, na kwa kila neno zuri niliona nyuso zinafungwa.

"Kwa hiyo kesho mimi nitwange?" mtu akapaza sauti. "Nifunge kaniki nitwange, na yeye apande?"

"Hata ukitwanga si utakuwa umesaidia?" Petro akajibu, na hapo baraza likapasuka. Hata wanawake upande wetu walikuwa wanazomea. Nyanzala alikuwa ameinamisha kichwa. Kabula alinitafuta kwa macho. Nilikuwa na hakika tumeshindwa, nikaanza kuwaza safari ya Nzega, nani atabeba nini.

Maganga akasimama.

Hakupaza sauti, na kwa kuwa hakupaza, watu wa mbele wakanyamaza wasikie, kisha wa nyuma wakanyamaza kwa kuwa wa mbele wamenyamaza.

"Mtemi, shauri hili ni langu," akasema. "Nimelileta vibaya. Naomba nilirudishe nilete jingine."

Mtemi akamwashiria aendelee.

"Kaka yangu Kasanda ana mizinga porini. Wote mnaijua alama yake. Naomba baraza liniambie, nikaifute, au niiache?"

Niliwatazama wale wazee. Wengi wao ni warinaji, wana mizinga yao, wana alama zao, na niliona kila mmoja anaiona yake mwenyewe ikikatwa kwa shoka la mtu mwingine huku watoto wake wako hai. Yule aliyesema atahama nchi ndiye aliyetangulia.

"Iache," akasema, karibu kwa hasira. "Kasanda hakufa bila watoto."

"Iache," wakaitikia. "Iache, iache."

"Nikiiacha, mimi siruhusiwi kuigusa mizinga ile," Maganga akasema. "Nitakuwa mwizi. Basi nani airine?"

Wakajadiliana. Na haya, Shajara, yalikuwa majadiliano, hayakuwa makelele. Mmoja akasema isubiriwe mpaka mabinti waolewe. Wakamwambia mzinga hausubiri, nyuki watahama. Mmoja akasema akodiwe mtu. Wakauliza mtu huyo atarina kwa alama ya nani, atamjibu nani? Mwisho mzee wa kanisa mwenyewe, yule wa andiko, akasema kwa sauti ya uchovu kwamba mizinga ni ya nyumba ya Kasanda na irinwe na nyumba ya Kasanda.

"Na nyumba ya Kasanda ni nani?" Mtemi akauliza.

Watu waligeuka tu, mmoja mmoja, kutazama kwenye mikeka. Nyanzala hakuinua kichwa, lakini niliona mkono wake umemshika Kabula kwa nguvu.

Mtemi akasema imekwisha. Alama ya mtu isifutwe maadamu ana mtoto, na mjane aliyebaki katika nyumba ya mumewe ataitunza mizinga yake kwa alama hiyo. Hiyo ndiyo sheria itakayokwenda bomani. Kwa nchi nzima.

Kisha bibi mmoja mzee, mtani wa ukoo wa Mtemi, akapaza sauti kutoka nyuma: "Na kaptula je?"

"Mimi sina kazi ya kwenda kusimama chini ya miti nikitazama juu," Mtemi akasema. "Wewe ukitaka, nenda."

Baraza lilicheka kicheko kimoja, wale wa andiko na wale wa usawa, na nilipomtafuta Maganga nilimwona anafuta macho. Huenda ni vumbi. Watani wake walikuwa wanampiga mabegani.

Nyanzala alipofika nyumbani aliingia jikoni akapika ugali kama siku yoyote. Alipoweka sahani mbele yangu akasema "Wabeja, Mwalimu," kwa Kinyamwezi, asante tu, na sauti ikamkatika. Nikalia mimi. Kabula akauliza kwa nini watu wazima wanalia wakishinda.

Lakini Mwalimu Petro hakunisalimia tulipotoka. Alinisubiri njia panda, akaniambia ameambiwa na karani kwamba nilijua swali la Maganga kabla. Nikakubali.

"Umeiuza haki kwa alama ya mzinga," akasema. "Leo ameshinda kwa kuwa ni mjane wa Kasanda. Hakushinda kwa kuwa ni mtu."

Nilitaka kumjibu kwamba hotuba yake ilikuwa inampeleka Nzega. Sikumjibu, kwa sababu aliyoyasema ni kweli. Tumemwokoa Nyanzala kwa kumsimamisha nyuma ya mwanaume aliyekufa. Swali la Petro halijajibiwa. Halikuulizwa hata kidogo, nami ndiye niliyesaidia lisiulizwe. Ninalibeba hilo, na bado nina furaha, na sioni kwa nini nichague kimoja.

Sasa hivi, nilipokuwa nikiandika hapo juu, Mama Shija amekuja. Alisimama uani, hakutaka kukaa, akauliza habari za baridi, akauliza habari za kuku. Mwisho akasema mume wake, kama ninavyojua, mguu umekufa tangu aanguke. Yupo hai, Mungu ashukuriwe. Mizinga yake ipo, alama yake ipo. Yeye si mjane, kwa hiyo sheria ya leo haimgusi.

"Mwalimu," akasema, akitazama kando, "la kwangu mimi litaulizwaje?"

Nilimwomba akae, na safari hii akakaa. Tulilizungusha pamoja, tukalijaribu hivi na hivi. Nilishangaa jinsi alivyo mwepesi. Kila nilipoweka neno alisema nani atakasirika kwa neno hilo, na kwa nini, na lipi lingemtuliza. Kabla hajaondoka lilikuwa limeshapata umbo, na lilikuwa lake, si langu. Ataliuliza mwenyewe, akipewa nafasi. Kama hakupewa, mume wake atabebwa barazani na kitanda chake aliulize.

Basi huyo ni wa pili, na mume wake yu hai.

Nafikiri wa tatu atakuwa nani. Siku moja atakuja mwanamke asiye na mume, wala marehemu, wala mgonjwa ndani. Ana shoka lake tu na gogo lake, anataka kukata alama aliyoitunga mwenyewe. Huyo nitamtafutia swali gani la kujificha nyuma yake? Nadhani hakuna. Nadhani hilo itabidi liulizwe mchana kweupe, kama Petro alivyotaka, na labda tutazomewa, na labda baada ya Nyanzala na Mama Shija tutazomewa kidogo. Jumatatu nitakwenda kumwambia hivyo, hata kama hanisalimii.

Jua limekwisha, siioni tena mistari vizuri. Kesho hakuna shule. Nyanzala anakwenda upande wa mtoni na ameniomba nikamshikie kamba chini, kwa sababu Maganga amesema mti ule una utelezi. Mimi naogopa nyuki kuliko chochote. Nimesema nitakwenda.